UFA HAUZIBWI KABLA YA KUSOMWA

Wahenga walinena kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hii tumeiandika katika insha tangu shule ya msingi, na mimi mwenyewe imewahi kuniletea alama nzuri. Mwaka huu nimeanza kuitazama kwa jicho jingine. Si kwamba wahenga walikosea, la hasha! Wao walijenga kwa fito na udongo. Ukuta ulipopasuka mtu alikanda udongo, akaziba, mambo yakaisha. Majumba ya orofa sita na saba hayakuwa katika hesabu yao. Katika majumba hayo ufa ni kama homa: ukimeza dawa ya kutuliza maumivu bila kujua ni malaria au ni kitu kingine, utasikia nafuu huku ugonjwa ukiendelea na kazi yake.

Msomaji mwenzangu, usidhani nimesomea uhandisi. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tatu tu. Haya machache niliyo nayo nimeyapata kwa mjomba wangu, ambaye kazi yake ni kufunga vyuma kwenye mjengo, kwa mwalimu wetu wa Fizikia, na kwa ufa mmoja uliotokea ngazini kwetu.

Tulikuwa tukiishi orofa ya pili katika jumba la orofa tano. Mwezi wa Januari mwenye nyumba alianza kuongeza orofa ya sita, sisi wapangaji tukiwa mumo humo. Mwezi wa Februari nikipanda ngazi na mtungi wa maji nikaona ufa mwembamba kama unywele. Ulianza pale boriti inapokutana na nguzo, ukapanda kwa mshazari kuelekea katikati ya boriti. Mama alipomwonyesha mwenye nyumba, alicheka kidogo akasema, "Mama Njeri, hiyo ni plasta tu. Nitatuma fundi." Mjomba alipotutembelea Jumapili aliukwaruza kwa msumari mpaka plasta ikabanduka. Ufa ulikuwa bado uko, ndani ya zege lenyewe. Alinyamaza kwa muda, na mjomba si mtu wa kunyamaza.

Ili uelewe kwa nini alinyamaza, hatuna budi kuanza na zege, ambalo mafundi wa huku kwetu huliita konkriti. Wengi wetu twadhani zege hukauka kama matope juani. Sivyo. Saruji na maji huungana kikemikali, na muungano huo hutoa joto. Ukiweka kiganja juu ya zege lililomwagwa asubuhi, jioni utasikia lina vuguvugu. Ndiyo maana fundi mwema hulimwagilia maji kwa siku saba au zaidi. Likikauka mapema, ule muungano hukatika njiani, na zege hubaki kama ugali uliotolewa mekoni kabla haujaiva: kwa nje unapendeza, ndani ni unga. Huendelea kupata nguvu kwa majuma mengi, na desturi ya wahandisi ni kulipima siku ya 28.

Maji ndiyo rafiki na ndiyo adui. Mfuko wa saruji wa kilo 50 watosheka na maji lita 25 hivi. Lakini zege la maji machache ni gumu kugeuza kwa koleo, na vijana wanaolibeba kwa karai hadi orofa ya nne hulipwa kwa siku, jua linawaka na msimamizi anapiga kelele. Basi mtu anaongeza ndoo moja, zege linateleza vizuri, kila mtu anafurahi. Yale maji ya ziada hayana saruji ya kuungana nayo. Hukaa humo, hatimaye hutoka, yakaacha vitundu vidogo vidogo visivyoonekana kwa macho. Siwalaumu vijana wale. Aliyepaswa kuwazuia ni msimamizi.

Sasa hili ndilo jambo linalonitisha zaidi: zege zuri na zege baya ukiyatazama ni pacha. Huwezi kuyatofautisha kwa macho, hata uwe mhandisi mkuu. Lazima uyapime. Kipimo chenyewe ni cha zamani na ni rahisi ajabu. Siku ya kumwaga zege, sehemu yake hujazwa katika vibweta vya chuma vya milimita 150 kila upande. Vile vipande huhifadhiwa majini, halafu vingine huvunjwa kwa mashine siku ya 7 na vingine siku ya 28. Zege linaloitwa la daraja la 25 lapaswa kustahimili nyutoni 25 kwa kila milimita mraba. Piga hesabu: 150 mara 150 ni 22,500, mara 25 ni nyutoni 562,500. Huo ni uzito wa tani 57 hivi, juu ya kipande cha kilo nane ambacho ungekibeba kwa mkono mmoja! Kama kitapasuka kwa tani 20, mhandisi anajua mapema kwamba nguzo zake ni za uongo, kabla mtu yeyote hajahamia na godoro lake.

Kuna na kipimo kingine ambacho wewe mwenyewe waweza kukifanya. Mchanga wa mtoni huja na tope, na tope hukaa baina ya saruji na chembe za mchanga, visishikane. Chukua chupa inayoonyesha ndani, tia mchanga hadi katikati, ongeza maji yenye chumvi kidogo, tikisa sana, kisha iache itulie kwa saa chache. Mchanga utatuama chini, tope litakaa juu yake kama krimu. Tope lisizidi asilimia 8 hivi ya ule mchanga. Mimi nilichota mchanga uliorundikwa mbele ya jumba letu kwa ajili ya orofa ya sita. Mchanga ulituama sentimita 10. Tope lilikuwa sentimita moja na nusu. Hesabu hiyo nakuachia.

Tuje kwa vyuma. Chukua kipande cha chaki, mwalimu asikuone. Kisimamishe wima juu ya dawati, weka kitabu juu yake, kisha cha pili, kisha kamusi. Kitavumilia. Sasa kishike ncha zote mbili ukipinde. Pwa! Kimekatika. Zege lina tabia hiyo hiyo. Ukiligandamiza ni jabari, ukilivuta ni goigoi: nguvu zake za kuvumilia mvuto ni kama sehemu moja ya kumi ya zile za kuvumilia mgandamizo. Boriti ikilemewa hubonyea kidogo katikati, upande wa juu ukigandamizwa na wa chini ukivutwa. Kwa hiyo vyuma vikuu huwekwa chini, upande unaovutwa. Roshani ni kinyume chake, kwa kuwa imeshikwa upande mmoja tu na upande wake wa juu ndio unaovutwa, basi vyuma vyake hukaa juu. Mjomba ameona roshani ambazo vyuma viliwekwa juu vizuri, halafu vijana wakavikanyaga wakati wa kumwaga zege, vikazama chini. Plasta ikapakwa, rangi ikapakwa, na roshani ikangoja siku ya harusi itakapojaa watu.

Mbali na vile vikuu, kuna vyuma vyembamba vinavyopindwa kuzunguka vile vikubwa. Mafundi huviita ringi. Karibu na nguzo, boriti haivutwi tu, bali pia hutaka kukatika kwa mshazari, na ringi ndizo zinazoizuia. Huko mwishoni mwa boriti zapaswa kukaribiana. Kuna mahali mjomba aliwahi kuambiwa azitenganishe futi moja badala ya inchi sita ili vyuma vitoshe. Hakunitajia ni wapi nami sikuuliza.

Sasa waweza kuusoma ufa. Nyufa nyembamba zilizotapakaa ukutani kama ramani ya mito mara nyingi ni za plasta iliyokauka haraka, nazo hazina neno. Ufa unaotoka pembe ya dirisha kwa mshazari mara nyingi huonyesha kwamba upande mmoja wa msingi umezama. Hapa Nairobi tuna ule udongo mweusi unaovimba wakati wa mvua na kusinyaa wakati wa kiangazi. Nyumba iliyojengwa juu yake bila kuuchimba na kuuondoa hupanda na kushuka kila mwaka. Ufa unaofuata nguzo kutoka juu hadi chini, wenye doa la kahawia kama chai, ni wa kutu: chuma kikishika kutu huvimba na kulisukuma zege nje. Huo ni wa kawaida sana Mombasa na pwani yote, kwa sababu chumvi ya bahari hupenya hadi kwenye chuma. Na ufa wa mshazari mwishoni mwa boriti, karibu na nguzo, ndio huo uliomnyamazisha mjomba. Boriti inayopindika katikati huonya kwanza kwa kubonyea. Inayokatika kwa mshazari yaweza kukatika ghafla.

Kwa nini ulitokea wakati ule? Zege la mita moja ya ujazo lina kilo 2,400 hivi. Sakafu ya unene wa sentimita 15 basi ni kilo 360 kwa kila mita mraba. Chumba cha mita 3 kwa 3 ni zaidi ya tani tatu, na hapo hujajenga ukuta, hujaweka tangi la maji, wala mpangaji hajaleta kabati. Zidisha kwa vyumba vyote vya orofa nzima. Mzigo huo wote ulishuka kwenye nguzo na msingi ambavyo havikuwahi kuambiwa kwamba kutakuwa na orofa ya sita.

Mambo haya yameonekana kwingine, na watu wamelipa kwa roho zao. Jijini Seoul, nchini Korea Kusini, kulikuwa na duka kubwa lililoitwa Sampoong. Michoro ya awali ilikuwa ya orofa nne, mwenyewe akaongeza ya tano ya mikahawa, yenye sakafu nzito za kupasha joto. Nguzo zilizotakiwa kuwa za sentimita 80 zilijengwa za 60. Nyingine zilipunguzwa ili kupata nafasi ya ngazi za umeme. Juu ya paa kukawekwa mitambo ya kupoza hewa yenye tani 45, na baadaye ikaburutwa kutoka upande mmoja hadi mwingine. Jengo lile halikuwa na boriti, sakafu zilikalia nguzo moja kwa moja. Chukua karatasi, ishike kwa kuivuta, kisha uisukume kwa ncha ya kalamu kutoka chini: ndivyo nguzo inavyotoboa sakafu isiyo na nguvu za kutosha. Nyufa zilionekana Aprili 1995. Asubuhi ya tarehe 29 Juni zilikuwa zimepanuka kiasi kwamba wakubwa waliita wahandisi, wakafunga orofa ya juu. Lakini duka halikufungwa, kwani wateja walikuwa wengi siku ile. Kabla ya saa kumi na mbili jioni lilianguka katika muda wa sekunde 20 hivi, likaua watu 502.

Miaka kumi na minane baadaye, katika mji wa Savar nchini Bangladesh, jumba la Rana Plaza lilipasuka tarehe 23 Aprili 2013. Orofa za juu zilikuwa zimeongezwa bila kibali. Benki iliyokuwamo iliwaondoa wafanyakazi wake siku ile ile. Washonaji wa nguo waliamriwa kurudi kazini kesho yake. Waliofariki walikuwa zaidi ya 1,100. Mimi hapo husimama kila mara: watu wa benki na washonaji waliuona ufa mmoja, na tofauti yao ilikuwa ni nani aliyekuwa na uwezo wa kukosa mshahara wa siku moja.

Kwetu je? Usiku wa tarehe 29 Aprili 2016, mvua kubwa ikinyesha, jumba la wapangaji liliporomoka Huruma, karibu na mto, likaua watu wapatao 50. Mtoto mchanga aliokolewa akiwa hai baada ya zaidi ya siku tatu chini ya kifusi, na siku ya sita bado walikuwa wakitoa watu wazima wakiwa hai. Tarehe 23 Septemba 2019 madarasa ya orofa katika shule moja ya Dagoretti yaliporomoka asubuhi, wanafunzi wasiopungua saba wakafa. Hao walikuwa wameamka wakavaa sare kama sisi. Sheria hazikukosekana. Kanuni za ujenzi tulikuwa nazo tangu mwaka 1968, na Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 2011. Baada ya Huruma wakaguzi walipita mitaani wakichora alama ya X nyekundu kwenye majumba mabovu. Lakini X haikupi nyumba nyingine, na kodi ya jumba lenye X huwa nafuu.

Watafiti nao hawakulala. Mhandisi wa Uswisi, Ernst Schmidt, alibuni nyundo ya kupimia zege miaka mingi iliyopita. Ina springi ndani. Huibonyeza ukutani, nayo ikaruka nyuma: ikiruka sana, zege ni gumu. Nyingine hupitisha mawimbi ya sauti upande mmoja wa nguzo na kuyapokea upande wa pili. Katika zege zuri huenda zaidi ya kilomita 4 kwa sekunde, yakipungua chini ya 3 kuna mashimo au nyufa ndani. Vyote viwili havivunji chochote, na fundi huvibeba kwa mfuko. Siku hizi hata setilaiti hutumia rada kupima majengo yanayozama kwa milimita chache kwa mwaka. Huko Surfside, Florida, ambako jumba la makazi lilianguka tarehe 24 Juni 2021 na kuua watu 98, wachunguzi wa serikali ya Marekani wameeleza kwamba sakafu ya eneo la bwawa la kuogelea, pale ilipokutana na nguzo, ilisanifiwa ikiwa dhaifu kuliko kanuni zilivyotaka. Kumbe ni ile kalamu na karatasi tena! Na nchini Uholanzi, katika chuo kikuu cha Delft, Henk Jonkers na wenzake wametengeneza zege lenye bakteria wanaolala ndani yake. Ufa ukitokea na maji yakaingia, huamka, wakala chakula walichowekewa, wakatoa chokaa inayoziba ufa. Wahenga wangefurahi. Hata hivyo bakteria huziba nyufa ndogo zisiingize maji. Hawawezi kubeba orofa ya sita.

Mimi sikuwa na nyundo ya Schmidt. Nilikuwa na penseli. Mwalimu wa Fizikia alinionyesha: weka alama mahali ufa unapoishia, andika tarehe, rudi baada ya wiki. Ufa uliotulia ni habari ya zamani, unaotembea ndio wa kukukosesha usingizi. Upana niliupima kwa karatasi za daftari. Karatasi 80 zilikuwa na unene wa milimita 8, kwa hivyo karatasi moja ni sehemu ya kumi ya milimita. Wahandisi husanifu wakitaka ufa usizidi milimita 0.3 hivi, yaani karatasi tatu. Wiki ya kwanza haikuingia hata moja. Wiki ya nne ikaingia moja, na ufa ulikuwa umepita alama yangu kwa sentimita 3.

Fundi wa mwenye nyumba alikuja mwezi wa Machi. Alipaka plasta, akapaka rangi ya krimu juu, pakapendeza kweli. Alama zangu zote zilifunikwa. Majirani wakasema basi, yamekwisha. Baada ya siku kumi na saba ufa ulitokeza tena katika rangi mpya, mahali pale pale, na safari hii ziliingia karatasi mbili. Mama alipeleka barua kwenye ofisi inayohusika, akaambiwa asubiri wakaguzi. Alipomrudia mwenye nyumba alisema, "Mzee, sisi twakuomba usimamishe tu hiyo ya juu mpaka mhandisi aitazame." Akajibiwa kwamba asiyeridhika, mlango u wazi.

Mwezi wa Mei tulipitia mlango huo. Sasa tunakaa chumba kimoja mahali pa mbali zaidi, nami hutembea dakika 50 kuja shuleni. Siku ya kwanza, kabla ya kushusha kitanda kutoka kwenye mkokoteni, Mama alizunguka jumba zima na tochi akitazama vichwa vya nguzo, mlinzi akimshangaa.

Mwenzangu wa darasani bado anaishi kule, orofa ya tatu, wao wakiwa sita. Kila Jumatatu asubuhi, kabla ya paredi, huniletea kipimo. Barua ya pili tumeiandika pamoja na kutia sahihi za wapangaji kumi na mmoja. Jumatatu iliyopita ziliingia karatasi nne.